Maharagi ya Maua

Siku ninayotaka kukusimulia, Mwanangu, nimejaribu kuisahau kwa miaka mingi. Kila nikidhani imekwisha inarudi yenyewe, hasa nikikusikia ukisema kama ulivyosema jana. Ulikaa hapo hapo ulipokaa sasa, ukanitajia makosa ya mama mkwe wako moja moja: hasikii, anaingia jikoni mwako, ulimkataza hiki naye akakifanya. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nachambua mchele, na mimi nikichambua mchele huku nimekasirika naacha mawe. Leo sina mchele. Tulia unisikilize, na usinikatize. Nikikatizwa nasahau, na nikisahau nitakasirika zaidi.

Zamani za Wabelgiji tulikaa hapa hapa Kindu, katika kambi ya wafanyakazi wa treni. Babu yako Ramazani alikuwa mfunga breki kwenye treni ya mizigo. Akiondoka Jumatatu kuelekea Kibombo na mbele zaidi, humwoni mpaka Alhamisi, na akirudi hata mate yake yananuka moshi. Mimi nilikuwa na miaka kama ishirini, na mtoto mmoja, shangazi yako Mwamini, wa miaka mitatu. Nilikuwa pia na kichwa kigumu, lakini hilo sikulijua wakati ule. Nilidhani nina akili.

Kambini alikuwepo mwanamke wa Kibelgiji aliyewafundisha wake za wafanyakazi kushona, kupiga pasi na kutunza nyumba. Jina lake lilitushinda kutamka, basi tulimwita Madamu. Siku moja akatutangazia kwamba mvua zikikaribia kwisha atapita nyumba kwa nyumba, atazame ndani na nje, na mwenye nyumba nzuri kuliko zote atapewa mashine ya kushona. Mashine yenyewe aliileta darasani akaiweka juu ya meza. Ilikuwa ya mkono, nyeusi, ina maandishi ya rangi ya dhahabu. Tangu siku hiyo kila nilipopiga pasi macho yangu yalikuwa juu ya ile meza. Niliunguza kola mbili za mashati ya watu.

Halafu Madamu akagawa mbegu za maua, si kwa wote, kwa wachache aliowapenda. Mimi alinipa mbegu kumi na mbili zilizofungwa katika karatasi. Zilikuwa nyeusi, kila moja na mstari mweupe upande mmoja kama imepakwa chokaa. Nikasema, lakini haya ni maharagi. Akasema ndiyo, ni maharagi, lakini yanapandwa kwa ajili ya maua yake. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake, akiinua kidole:

"Hii iko ya macho, hapana ya tumbo. Mbegu ikikauka iko mubaya sana. Kama muntu anataka kula, lazima apike, amwange maji, apike tena, amwange tena. Umesikia?"

Nilisikia. Ninataka ushike hapo, Mwanangu. Nilisikia vizuri, neno kwa neno, na nikamrudishia yote kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na matembele yaliyotutosha mboga wiki nzima. Niliyang'oa yote. Nikapanda maharagi ya Madamu chini ya nguzo za baraza, nikafunga kamba kutoka ardhini mpaka ukingoni mwa bati, na nikakaa kuyangoja kama mtu anayengoja barua. Mvua ilipoyapata yakaanza kupanda. Siwezi kukudanganya, yalikuwa mazuri. Mashina yake yalikuwa na wekundu wa zambarau, maua yalisimama wima katika vishada, na yalipoanza kuzaa, maganda yakatoka bapa, ya zambarau, yanang'aa kama viatu vya karani siku ya Jumapili. Watu waliotoka stesheni walisimama kutazama. Mimi nilikuwa nimekaa ndani, nyuma ya pazia, nikiwatazama wanaotazama.

Lakini ule mmea ulikuwa hauna adabu. Ulimaliza kamba zangu ukatafuta nyingine. Ukapita upande wa jirani yangu Ngalula, mwanamke wa Kasai, ukapanda kamba yake ya kuanikia nguo, na siku moja akakuta shati la mume wake limefungwa mkono kama mtu aliyekamatwa. Ukaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua, ukauziba. Ukaziba dirisha, nikawa nawasha taa mchana kushona. Ramazani alikuwa mrefu, na kila alipoingia nyumbani vishada vilimpiga usoni. Siku moja alisimama mlangoni, majani yamemkaa kichwani, akaniuliza:

"Feza, hii nyumba ni yetu ao ni ya maharagi?"

Nikamwambia avumilie mpaka Madamu apite. Kila kitu nyumbani kilikuwa kinavumilia mpaka Madamu apite.

Katikati ya mambo hayo mama yake Ramazani akaja kutoka kijijini kwake Tunda kututembelea. Alikuwa mjane, mkulima wa mpunga na muhogo, mwanamke mfupi mwenye mikono migumu. Alikuwa amezika watoto wanne, na Ramazani ndiye aliyebaki. Yeye alimpenda Mwamini kupita kiasi. Alimbeba mgongoni hata akienda kuchota maji, ingawa mtoto alikuwa mkubwa na miguu inaning'inia. Alituletea mchele mpya, mawese, na kuku wawili. Tena nilimkuta akifagia uwanja wangu kabla hata hajapumzika.

Jambo la kwanza aliloniuliza ni matembele yalikwenda wapi. La pili ni kwa nini maharagi yanakauka kwenye kamba na hakuna anayeyachuma, na huku sisi tunakwenda kununua maharagi sokoni. Alikuwa ameshika ganda moja kavu, analitikisa sikioni, mbegu zinalia ndani.

Sasa tazama nilichofanya. Nilijua sababu. Ningeweza kumwambia: Mama, mbegu hizi zikikauka zina sumu, zinapikwa mara mbili na kumwaga maji. Ni maneno mafupi tu. Lakini nikafikiri: nikimwambia hivyo, atapika mara mbili. Mwanamke huyu haoni shida kupika hata mara tano. Ataniondolea maganda yote, na Madamu akija atakuta kamba tupu. Basi sababu nikaificha, makusudi, kwa sababu ndani ya sababu mlikuwa na njia ya kuyala. Na nikuambie na la pili, maana nimeamua kusema yote leo. Nilikuwa naona raha kujua kitu ambacho yeye, pamoja na uzee wake na mashamba yake, hakukijua.

Nikamwambia, "Mama, usiguse haya. Ni ya Madamu."

Akasema, "Ya Madamu? Na udongo ni ya nani?"

"Nimesema usiguse tu."

Alinitazama. Akaliweka lile ganda juu ya ukingo wa baraza taratibu, akaingia ndani. Mimi nikadhani nimeshinda.

Zikapita siku chache. Zikabaki siku mbili Madamu apite. Ramazani alikuwa safarini. Asubuhi nilikwenda darasani, nikamwacha Mwamini na bibi yake kama kawaida. Nyumbani hapakuwa na mboga, nami sikuacha kitu. Hilo nalo nilikuwa nimeliacha mpaka Madamu apite.

Karibu saa sita nilikuwa napiga pasi nikamwona Ngalula amesimama mlangoni, hana viatu, kitambaa cha kichwa kimemfunguka. Ngalula hakuwa mtu wa kutoka nje bila kitambaa.

"Feza, acha pasi," akasema. "Mutoto iko anatapika. Mama mukwe yako pia. Kuya mbio."

Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba nilipofika nilinusa mawese kabla ya kuona watu. Sufuria ilikuwa bado juu ya mafiga, na ndani yake maharagi ya Madamu, yamepikwa mara moja kwa haraka, yametiwa kitunguu na mawese kama mtu anavyompikia mtoto wake. Mama mkwe wangu alikuwa chini barazani, amejikunja, anashika tumbo. Mwamini alikuwa amelala kando yake, amelegea kama kitambaa kilicholowa, midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi kwa taabu. Nilipomwinamia yule mzee kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, alinisukuma kwa mkono.

"Anza na mutoto," akasema.

Nikamchukua mtoto nikakimbia. Ngalula, ambaye alikuwa mwanamke mwenye mwili mkubwa, alimwinua mzee, akamweka mkono shingoni na kumkokota nyuma yangu. Tulifika kwenye dispanseri ya kambi. Muuguzi alikuwa mtu wa Kasongo, mzee mkimya asiyependa kelele. Akamtapisha mtoto, akamlaza ubavu, akauliza walichokula.

Mama mkwe wangu akajibu kutoka kwenye benchi, sauti imekwisha. "Maharagi. Ile tu yenye iko mbele ya nyumba. Nilipika kidogo, mutoto alilia njaa."

Muuguzi akauliza ni maharagi gani hayo. Ndipo mimi nikafungua mdomo. Nikaeleza yote: kwamba mbegu zikikauka ni mbaya, kwamba zinapikwa, maji yanamwagwa, zinapikwa tena, maji yanamwagwa tena. Nilieleza vizuri sana, bila kukosea. Nilipokuwa nikisema nikaona mama mkwe wangu ameinua kichwa.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, Mama."

Akageukia ukutani, na huko ukutani akaendelea kutapika.

Mwamini alilala hivyo mpaka mchana ukageuka. Nilikaa chini nimeshika mguu wake, kwa sababu muuguzi alinikataza kumbeba. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, nikipotea naanza tena. Siwezi kukueleza saa zile, na sitaki ujaribu kuziwaza. King'ora cha karakana kilipolia cha kutoka kazini, mtoto akafungua macho akaomba maji. Halafu akaanza kulia kwamba anataka kiatu chake kimoja kilichoanguka njiani. Muuguzi akasema mtoto akilia kwa ajili ya kiatu basi amerudi. Mama mkwe wangu alisikia, nikaona bega lake linatikisika, lakini hakugeuka.

Siku ya pili yake aliweza kusimama. Siku ya tatu asubuhi akafunga mzigo wake. Nilimwomba angoje mwanawe arudi. Akasema treni haingoji. Mwamini akamkimbilia na kunyoosha mikono abebwe, na yeye akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, akakiondoa. Hakumbeba. Tangu Mwamini azaliwe sikuwa nimemwona bibi yake akiagana naye bila kumbeba. Akaenda stesheni peke yake, na mzigo wake kichwani, wala hakuniambia neno moja baya. Laiti angenitukana.

Na siku hiyo hiyo, Mwanangu, mchana wake, Madamu akapita.

Alikuja na daftari na wasaidizi wawili. Nilikuwa nimeosha baraza, nimevaa nguo safi, macho yamevimba. Akapita chini ya maua, kishada kikamgusa kofia, akakisukuma kwa mkono kama mtu anavyosukuma nzi. Hakuinua hata kichwa. Akaniuliza: "Choo iko wapi?"

Nikampeleka chooni. Kifuniko kilikuwa kimevunjika, na Ramazani alikuwa ameahidi kukitengeneza baada ya Madamu kupita. Akatoka, akatazama mfereji ulioziba, maji yamesimama, mbu wanacheza juu yake. Akaandika. Akaniuliza kama nachemsha maji ya kunywa. Akaandika tena. Akaondoka. Mashine ya kushona alipewa mke wa mwashi mmoja, mwisho wa mstari wa nyumba, ambaye mbele ya nyumba yake kulikuwa na mchanga uliofagiwa na matuta matatu ya kabichi. Niliona wakiipitisha mbele yangu imefunikwa kwa shuka. Kama una swali kuhusu nilivyojisikia, liache.

Ramazani alirudi, akakuta mama hayupo. Habari alizipata kwa Ngalula kabla ya kufika mlangoni. Alichukua panga akasimama mbele ya ule mmea, nikajua atakata. Lakini akalilaza panga chini, upande wangu.

"Weye njo utakata, si miye," akasema. "Na weye njo utaenda Tunda. Miye sina maneno ya kumwambia mama yangu."

Nilikata. Ilinichukua nusu siku, kwa sababu yale mashina yalikuwa yamejifunga kwenye kila kamba, kila msumari, na mengine yameingia chini ya bati. Nilikuwa navuta na kulaani, kana kwamba ule mmea ndio ulionifunga mdomo. Wiki iliyofuata nikapanda treni na Mwamini mpaka Kibombo. Hapo tukangoja siku mbili, tukapata nafasi kwenye lori lililokwenda kuchukua mpunga upande wa Tunda. Barabara ilitupiga mpaka tukafika hatujui kiuno kiko wapi.

Mama mkwe wangu alikuwa anamenya muhogo. Alitupokea, akatupa maji, akatuonyesha mahali pa kulala. Asubuhi akanipa jembe. Siku tatu tulilima pamoja, bega kwa bega, na hakuna tulichosema isipokuwa salamu na habari za kazi. Kila nilipoanza kuomba msamaha alisogea mstari mwingine. Siku ya nne tulikuwa kijitoni tunaloweka muhogo, ndipo akaongea, huku anatazama maji.

"Weye ulinifanya miye mutoto. Mutoto mudogo njo anaambiwa usiguse, basi. Muntu mukubwa anaambiwa sababu. Ungeniambia iko na sumu, ningekaa mbali. Ungeniambia ya kupika mara mbili, ningepika mara mbili, ao ningekuachia maua yako, juu nimeona unayapenda. Lakini uliniambia ni ya Madamu. Miye nikafikiri, huyu mutoto ananinyima chakula juu ya muzungu, na mujukuu yangu analia njaa." Akazamisha kipande kingine cha muhogo. "Nimezika watoto wane, Feza. Hakuna hata mumoja nilimupa kifo kwa mukono yangu. Ile kijiko, mukono yangu njo ilishika."

Nikafungua mdomo nimjibu. Akasema hakuniuliza swali.

Nikamwomba turudi wote Kindu. Akakataa. Akasema hanifukuzi, wala hana chuki, lakini tangu siku ile akipika kwa ajili ya mtoto mkono unatetemeka, na atangoja mpaka utulie. Nikarudi peke yangu na Mwamini.

Alikuja mwaka uliofuata, nilipozaa baba yako. Alikuja kwa moyo mweupe, akanikanda, akamwogesha mtoto, tukacheka hata. Lakini kila alipoingia jikoni mwangu alikuwa anasimama kwanza. Anashika chumvi, ananiuliza: "Hii naweza kugusa?" Anashika mchele alioleta yeye mwenyewe kutoka shamba lake, ananiuliza: "Na hii?" Hakuwa ananikejeli. Ningejua. Alikuwa anauliza kweli. Nikamwambia Mama, gusa chochote, jiko ni lako. Akaitika, na kesho yake akauliza tena. Aliuliza hivyo mpaka alipokufa, na wakati mwingine nilikereka nikataka kupiga sufuria chini, halafu nakumbuka ni nani aliyemfundisha kuuliza.

Ndiyo maana jana ulinichosha. Ulisema, "Nilimkataza." Ukarudia mara tatu. Hukusema hata mara moja ulichomwambia baada ya kumkataza, nami nakujua, kwa sababu una mdomo wangu na shingo yangu. Basi sikia, na hili ndilo nililokuitia. Ukimkataza mtu jambo, mpe sababu yake. Mpe yote, usimkatie nusu. Mpe hata kama ile sababu itampa njia ya kuchukua unachotaka kukilinda, maana kitu unachokilinda kwa kuficha hatari yake hakistahili mtu mmoja augue kwa ajili yake. Usijue kitu peke yako nyumbani ukaona raha. Na kama aliye mbele yako amekuzidi umri, mwambie polepole, kwa heshima, na ukimaliza muulize yeye anaonaje, kwa sababu huenda anajua jinsi ya kupika mara mbili kuliko wewe. Leo, kabla ya kulala, nenda kwake. Kaa chini, usisimame. Mwambie ulimkataza nini na kwa nini. Kama huna sababu, mwambie huna, umuombe radhi.

Mungu akuwekee wakubwa wako nyumbani miaka mingi, awape mikono isiyotetemeka, na wewe akupe ulimi usiokawia kusema lenye faida. Watoto wako wale washibe, waamke wazima. Haya, simama uende, usiku usikukute bado unafikiri.